Toscana na rafiki yako: mwongozo kamili wa mashamba ya waini na miji ya kale ya Italia

Mimi nakunywa waini, rafiki yangu hanywi kabisa, ni Mwislamu wa Tanga, na kwenye safari yetu ya siku tisa Italia yeye ndiye alikuwa dereva na mpaka leo anasema hatujawahi kusafiri vizuri pamoja kama ile. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nchi ya waini wanadhani asiyekunywa hana cha kufanya huko. Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, ni vilima, ni miji ya mawe yenye miaka mia saba, jibini, mafuta ya zeituni, makanisa, na waini pia. Kinachoharibu safari ya watu wawili ni vitu ambavyo hamkuvisema mapema, ndo maana nimepanga huu mwongozo kwa mfuatano ule ule mtakaoufuata nyie, kuanzia sebuleni kwenu mpaka chupa inafika nyumbani haijapasuka.

HATUA YA 1: Kaeni chini mwongee kabla ya kukata tiketi

Mambo matatu. La kwanza hela. Sisi tulikuwa na kipochi cha pamoja, kila asubuhi kila mtu anaweka kiasi sawa na humo ndimo yanatoka mafuta ya gari, paking, maji, kahawa na chakula cha mchana. Waini na manunuzi kila mtu na mfuko wake. Usimwambie mtu asiyekunywa mgawane nusu kwa nusu bili yenye chupa ya Brunello, waini ya bei ya juu, atanyamaza siku ya kwanza na ya pili, ya tatu atanuna na atakuwa na haki.

La pili ni mwendo. Mmoja anataka miji saba kwa siku nne, mwingine anataka akae kibarazani na kahawa aangalie watu. Semeni mapema. Ushauri wangu ni kuweka kambi tatu tu, ukiacha usiku wa mwanzo na siku za mwisho, mnatoka asubuhi mnarudi jioni, maana kila mkihama hoteli nusu siku imeondoka na mabegi.

La tatu usukani. Italia kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kama leseni yako haijafikisha miaka mitatu basi ni sifuri kabisa. Kwenye kuonja waini mashamba mawili tu unaweza kupitiliza bila kujua, kwa hiyo anayeendesha siku hiyo hamezi. Kama wote mnakunywa, pokezaneni siku, au kodini gari lenye dereva kwa siku moja ya Chianti, lile eneo la mashamba ya waini, au laleni kwenye shamba lenyewe ili mkimaliza kuonja mnatembea tu mpaka kitandani.

HATUA YA 2: Chagueni mwezi

Mei na Juni mwanzoni, au Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Agosti joto ni kali na Waitaliano wenyewe wako likizo, hasa kuzunguka tarehe 15 maduka mengi madogo yanafungwa. Septemba na Oktoba ndiyo mavuno ya zabibu, wanaita vendemmia, na hapo unaona matrekta madogo yamejaa zabibu barabarani na kijiji kizima kinanukia juisi inayochachuka. Kwa sisi Watanzania hii inagusa kidogo, kwa sababu zabibu za waini Dodoma zilikuja na wamisionari wa Kiitaliano miaka ya hamsini, na Dodoma kwa jua letu lile zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka. Nilipomwambia mama mmoja shambani kwamba kwetu tunavuna mara mbili alimwita mumewe aje asikie mwenyewe. Tukaongea hapo nusu saa nzima.

Ubaya wa kipindi cha mavuno ni kwamba mashamba madogo yana kazi nyingi, hawana muda wa wageni, kwa hiyo wasiliana nao mapema zaidi.

HATUA YA 3: Viza, bima na leseni

Viza ni ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi, siku 90 ndani ya kila siku 180. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15 kabla, ila usisubiri huko mwisho, peleka miezi miwili au mitatu kabla. Ada kwa mtu mzima ilipanda 2024 ikawa euro 90. Bima ya safari lazima ifidie matibabu angalau euro 30,000. Mkienda wawili kila mmoja anaomba yake na karatasi zake, lakini hakikisheni mpango wa safari unafanana, hoteli zile zile, tarehe zile zile, maana mkiandika tofauti mnajitafutia maswali bure.

Leseni: leseni ya Tanzania au Kenya peke yake haitoshi kuendesha Italia, unahitaji na kibali cha kimataifa cha udereva, unakipata nchini kwako kabla hujaondoka. Beba vyote viwili. Na kumbuka Italia wanaendesha kulia, sisi kushoto. Siku ya kwanza anayekaa pembeni ana kazi moja tu, kila mkifika kwenye kipilefti anasema kwa sauti "kulia, tunaingia kulia". Rafiki yangu ana miaka kumi barabarani na bado asubuhi ya pili alitoka kwenye maegesho akashika kushoto, nikapiga kelele, tukarudi upande wetu. Barabara ilikuwa tupu, tulishukuru Mungu.

HATUA YA 4: Njia yenyewe

Tulishukia Roma, uwanja wa Fiumicino, na hatukuchukua gari pale. Kuendesha Roma mkiwa na uchovu wa ndege sio kitu cha kumwambia mtu unayempenda afanye. Pandeni treni mpaka mji wa Orvieto, ni kama saa moja na kitu kutoka stesheni ya Termini, na gari mnalichukua pale pale Orvieto karibu na stesheni, nje ya msongamano wote. Angalieni tu saa za ofisi, wengi wanafunga mchana na Jumapili.

Orvieto umekaa juu ya mwamba wa volkano, stesheni iko chini na mnapanda juu na treni ya kamba. Laleni usiku mmoja. Kanisa kuu lina ukuta wa mbele ambao jua la jioni likiupiga dhahabu yote inawaka. Halafu nendeni kwenye kile kisima, Pozzo di San Patrizio. Papa Clement wa Saba alikimbilia Orvieto baada ya Roma kuvamiwa 1527, akaamuru kichimbwe kisima ili mji ukizingirwa usikose maji. Kina mita 53 na ngazi mbili zinazozunguka, kila moja vipandio 248, punda anayeshuka na ndoo tupu hakutani na punda anayepanda na maji. Mnashuka kwa moja mnapanda kwa nyingine. Vaeni viatu vyenye mshiko, chini kunateleza.

Kutoka Orvieto mnaenda kaskazini Montepulciano, kama saa moja na kidogo kwa gari. Hapa au Pienza wekeni kambi ya siku tatu, maana ndiyo mko ndani au kando kabisa ya Val d'Orcia, lile bonde lililoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2004, vilima vya mviringo na mivinje imejipanga kwenye njia za mashamba. Montepulciano ni mtaa mmoja mrefu unaopanda mpaka uwanja wa juu, na chini ya nyumba za mawe kuna mapango ambamo mapipa makubwa kuliko gari yanalala gizani. Waini yao ni Vino Nobile. Usichanganye na chupa iliyoandikwa Montepulciano d'Abruzzo, hiyo Montepulciano ni jina la zabibu nyingine ya mkoa mwingine kabisa, wengi wanakosea hapo.

Pienza iko karibu, kilomita kama 14. Kilikuwa kijiji tu kinaitwa Corsignano, mtoto wa kijiji akawa Papa Pio wa Pili, mwaka 1459 akaanza kukijenga upya kuwa mji mzuri na jina likatoka kwake. Hapa ndipo siku ya rafiki yangu ilipokuwa, kwa sababu Pienza ni jibini ya maziwa ya kondoo, pecorino. Tuliingia duka dogo, muuzaji akamkatia vipande vitatu kwenye karatasi: mbichi nyeupe laini kama siagi, ya miezi michache imeanza kuwa njano, na ya zamani kabisa inayovunjika kama kashata ya karanga, na tone la asali juu yake. Alifunga macho. Kwa wanaojali: jibini nyingi za kienyeji zinagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mnyama, ukitaka isiyo hivyo uliza "caglio vegetale", wanazo.

Montalcino mnaenda kwa siku. Ngome ya juu mnaweza kupanda ukutani mkaona bonde lote. Waini ni Brunello, zabibu aina ya Sangiovese tupu asilimia mia, na sheria haiwaruhusu kuiuza mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, yaani zabibu za 2020 zimeanza kuuzwa Januari 2025. Ndo maana bei yake iko juu. Kama mfuko hauruhusu chukua Rosso di Montalcino, zabibu ni ile ile, inatoka mapema, na kwa chakula cha mchana mimi hata naipenda zaidi.

Kambi ya pili Siena, usiku mbili. Uwanja wa Campo una umbo la gamba la kome, umeinama kuelekea chini, na matofali yamegawanywa mafungu tisa kwa kumbukumbu ya serikali ya Watu Tisa iliyotawala mji. Msikae kwenye mgahawa pale, kaeni chini kwenye matofali kama kila mtu, jioni yanakuwa bado na joto la mchana. Mbio za farasi za Palio ni 2 Julai na 16 Agosti, mji una mitaa 17 inayoshindana na watu wanalia kweli kweli, lakini kupata chumba siku hizo ni kazi. Kwenye kanisa kuu mtaona ukuta mkubwa umesimama peke yake pembeni, walianza kuongeza kanisa liwe kubwa kupita kiasi, tauni ya 1348 ikaua watu wengi sana na ujenzi ukaishia hapo. Tulikaa pale kimya.

Mkitoka Siena kuelekea San Gimignano mnapita Colle di Val d'Elsa. Kwa wasafiri Waislamu: huu mji mdogo una msikiti mkubwa na mzuri uliofunguliwa 2013. Tulipanga Ijumaa yetu iangukie hapo makusudi, yeye akaswali, mimi nikatembea mji wa juu. Ukisafiri na mwenzio angalia vitu kama hivi mapema, usisubiri akuombe.

San Gimignano zamani ulikuwa na minara 72, matajiri walikuwa wanashindana nani ajenge mrefu, leo imebaki 14. Mchana umejaa wageni wa mabasi, hamtapata hata pa kukanyaga, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Waini ya hapa ni nyeupe, Vernaccia, ndiyo ya kwanza Italia kupewa daraja la DOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria, mwaka 1966.

Kambi ya tatu ni Chianti, kati ya Siena na Firenze, mji ambao wengi wanauita Florence. Fuateni barabara SR222 mpite Castellina, Panzano na Greve, ina kona nyingi, msipange zaidi ya vituo vitatu kwa siku. Hapa ndipo pa kulala kwenye agriturismo, yaani shamba linalopokea wageni. Mpaka wa Chianti ulitangazwa 1716 na mtawala Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, na chupa halali ya Chianti Classico ina jogoo mweusi shingoni. Wenyeji wanasimulia kwamba Firenze na Siena walikubaliana mpaka wao uwe pale wapanda farasi wawili watakapokutana, kila mmoja aondoke jogoo wake akiwika. Siena wakamshibisha jogoo wao mweupe, Firenze wakamlaza wao mweusi njaa gizani, akawika kabla hata hakujakucha, na mpanda farasi wao akafika karibu na malango ya Siena.

Gari mnalirudisha uwanja wa ndege wa Firenze, mnaingia mjini na tramu T2. Siku mbili za mwisho ni za miguu.

Bila gari inawezekana pia. Siena ina treni na basi kutoka Firenze, San Gimignano mnapita Poggibonsi mnabadili basi, Montepulciano mnashukia stesheni ya Chiusi halafu basi. Jumapili mabasi ni machache sana. Na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe kwenye kimashine kabla hujapanda, la sivyo ni faini hata kama umelipia.

HATUA YA 5: Gari, kamera na paking

Hapa someni taratibu. Miji ya kale ina eneo lililofungwa kwa magari ya nje, linaitwa ZTL, alama yake ni duara jekundu lenye weupe katikati, na kamera inasoma namba ya gari. Chini kuna taa imeandikwa "varco attivo". Sisi tukaona attivo tukaelewa kwamba njia imefunguliwa. Kumbe maana yake kamera iko kazini, usiingie. "Varco non attivo" ndiyo unapita. Miezi mitano baadaye kampuni tuliyokodi gari ikakata hela ya usumbufu kwenye kadi, halafu faini yenyewe ikaja kwa posta, na kisheria wana siku 360 za kumpelekea mtu wa nje. Tuligawana nusu kwa nusu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nasoma ramani.

Kwa hiyo paki nje ya kuta, panda kwa miguu. Kama hoteli iko ndani ya ZTL wapigie mapema, wengine wanaweza kusajili namba ya gari lenu. Mistari ya bluu ni kulipia, myeupe kwa kawaida ni bure ila soma kibao, ya njano ni ya wenyewe usiiguse. Kwenye sheli, benzina ni petroli na gasolio ni dizeli, na pampu ya kujihudumia ni nafuu kuliko ya kuhudumiwa. Gari la otomatiki liombwe mapema na ni ghali zaidi. Dharura yoyote, namba ni 112.

HATUA YA 6: Kuonja waini

Weka miadi. Mashamba mengi hayapokei mtu anayejitokeza tu getini, sisi Jumapili moja tuliendesha dakika arobaini njia ya vumbi tukakuta geti limefungwa na mbwa wawili. Tuma email siku chache kabla, sema mko wawili, mmoja anaonja na mmoja hapana. Mashamba mengi yana mafuta yao ya zeituni, ombeni mwenzio aonjeshwe hayo na mkate. Rafiki yangu alirudi na lita tatu.

Mkifika mnatembezwa kwenye mizabibu na mapipa, halafu mezani. Wanamimina kidogo. Zungusha glasi, nusa, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, halafu unaweza kutema kwenye ndoo iliyopo, hakuna atakayekushangaa. Sangiovese ina harufu ya cheri, uchachu wa kusisimua mate, na ule ukakasi unaobana ulimi, kama umeng'ata bibo la korosho. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Onja tena baada ya kula jibini, ule ukakasi unatulia na utamu unatokea. Chianti Classico ya kawaida inatunzwa angalau miezi 12, Riserva 24, Gran Selezione 30, anza na ya chini upande. Mashamba mawili kwa siku yanatosha, moja asubuhi moja saa kumi.

Chakula: mchana ni kuanzia kama saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu, usiku kuanzia saa moja na nusu, katikati majiko mengi yamezimwa. Kwenye bili kuna coperto, euro mbili au tatu kwa kichwa, sio wizi, ndiyo desturi. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni bei ndogo. Mkate wa Toscana hauna chumvi, msishangae. Kwa asiyekula nguruwe sema "senza maiale" na uliza kila kitu, maana hata supu ya maharage inaweza kuwekwa kipande cha mafuta ya nguruwe. Tulichokula sana ni pici all'aglione, tambi nene za kusukuma kwa mkono zenye nyanya na kitunguu saumu, na ribollita, mkate na maharage na mboga ya kijani nyeusi inayofanana sana na sukuma wiki.

HATUA YA 7: Chupa zifike nyumbani

Kwenye begi la mkononi usitegemee, viwanja vingi kimiminika mwisho ni mililita 100, labda ununue duka la ndani ya uwanja baada ya ukaguzi. Weka kwenye begi kubwa. Kila chupa ivalishe soksi nene, kisha ingiza kwenye mfuko wa plastiki na ufunge kwa gundi, kisha zungushia suruali ya jinzi, na ikae katikati ya begi isiguse ukuta wowote. Mafuta ya zeituni nunua ya kopo sio ya chupa. Pecorino waombe wakufungie kwa plastiki ya kunyonya hewa. Risiti zote weka bahasha moja kwenye begi la mkononi, forodha wakiuliza unatoa hapo hapo. Ukifika usifungue siku hiyo hiyo, acha chupa zilale wiki mbili sehemu yenye kivuli na isiyo na joto, sio juu ya friji.